Boksi la Viatu, Namba Thelathini na Saba

Viatu vyenyewe vilishakwisha, soli zilibaki
kwenye ngazi za watu, hapa Madrid.
Boksi nimelitunza. Liko chini ya kitanda
ninachokilalia tangu Jumamosi saa nane mchana
hadi Jumapili jioni. Siku nyingine
kitanda ni cha Wilma, naye ana lake,
la biskuti, la bati, lenye picha ya farasi.

Wakili wa kanisani alituambia:
ukitaka karatasi, thibitisha miaka mitatu
kwamba ulikuwa hapa.
Nikacheka. Akadhani sijasikia, akarudia.
Miaka mitatu nimejifunza kutokuwapo:
kushuka treni kituo kimoja kabla
nikiambiwa polisi wamesimama Usera;
kutembea na mkate unaochungulia mfukoni,
maana mwenye mkate huonekana ana kwao;
kuugua kwa kipimo, siku za mapumziko tu.
Leo natakiwa nikiletee kivuli changu mashahidi.

Basi naweka kila kitu.
Risiti ya dawa ya kikohozi, tarehe tisa Novemba.
Stakabadhi za fedha za mama, kule Choluteca:
mia na ishirini, mia na ishirini, themanini,
mia na ishirini.
Ile themanini ina kisa chake, wakili hakukiuliza.
Tiketi ya basi iliyofuliwa ndani ya suruali
ikatoka nyeupe kama jino la mtoto.
Nimeihifadhi hata hivyo. Mimi najua ni ya lini.

Bibi Amparo, ninayemwogesha,
ana vyeti vyote: cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha ndoa,
hati ya nyumba yenye mihuri minne,
na kila asubuhi ananiuliza yeye ni nani.
Namtajia jina lake lote, na la baba yake,
na la mtaa, mpaka uso wake unarudi mahali pake.
Kisha anauliza mimi ni nani,
nami, kutegemea siku,
huwa binti yake Pilar, au dada yake,
au mwuza maziwa wa zamani aliyewapunja.
Mshahara ni uleule.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi ufagio nilipewa usiku uleule,
begi likiwa bado mgongoni.
Zile siku mbili bado nawadai.

Jana tulimwaga boksi juu ya shuka, mimi na Wilma,
tukapanga miezi kama karata.
Januari ipo. Machi ipo.
Februari ya mwaka wa pili hamna, hata kipande.
Labda imepotea, Wilma akasema.
Haikupotea. Ni mwezi ule bibi alioanguka,
nami sikuvuka mlango siku ishirini na sita;
nililala kitini, kidole changu kimeshikwa
na mkono wake, hata usingizini,
nikala alichobakiza. Sikununua kitu.
Mama hakupata senti, na hakuniuliza.
Mwezi niliokuwapo kuliko yote
ndio usio na karatasi.

Wilma akafungua bati lake.
Chukua hii, ya sabuni, haina jina.
Na wewe?
Februari ninazo mbili.
Alikuwa nayo moja. Niliiona.
Tukabishana hadi jirani akagonga ukuta,
tukazima taa, tukalala mzungu wa nne,
risiti ya sabuni katikati yetu, haina mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya basi,
dukani kwa bwana Lin nilinunua ubani,
senti thelathini. Situmii ubani.
Nikaomba risiti.
Alinitazama kidogo, akatazama boda la mlango,
halafu akaichapa, na kwa kuwa wino ulikuwa hafifu
akaiandika tarehe tena kwa kalamu,
polepole, tarakimu kubwa,
kama mtu aliyewahi kuwa na boksi.
Naikunja mara nne, naitia kifuani.
Basi linakuja.