Fomu, Nakala Tatu

Cheti cha kuzaliwa chasema Mwanakombo Athumani.
Kitambulisho chasema Mwana Kombo, mbalimbali,
kana kwamba nilizaliwa pacha
na mwenzangu akapotelea mezani kwa karani.
Cheti cha shule kimekula herufi: Mwanakobo.
Kobe, wakaniita, mwaka mzima.

"Sasa wewe ni yupi?" afisa aliniuliza, hainui uso.
Nikamwambia, wote.
Hakucheka.
"Nenda kwa wakili ukaape kwamba wewe ni wewe."

Barabara ya Nkrumah, ghorofa ya tatu,
lifti imekufa tangu sijui lini,
nikainua mkono nikaapa
kuwa sisi watatu ni mtu mmoja.
Muhuri ukadunda. Elfu moja na mia tano.
Zilikuwa pesa za gesi.

Majengo maji hutoka Jumatano usiku,
saa nane, na kwanza bomba hukohoa
kama muadhini asafishaye koo.
Nakaa na ndoo, na simu, kidole gumba chaandika.

*Eleza, kwa maneno yasiyozidi mia tatu,
kwa nini unastahili ufadhili wa Serikali
kusomea uhandisi wa maji ughaibuni.*

Nikaandika: Tangu utotoni nimekuwa na ari.
Nikafuta. Hiyo ni ari ya kila mtu.
Nikaandika: Maji ni uhai.
Nikafuta. Hilo limebandikwa ofisini kwao
juu ya mfereji mkavu.
Nikaandika: Bi Mwanahalima wa nyumba ya nyuma
hupika wali kwa maji ya kisima,
hautii chumvi, na presha yake inapanda.
Hilo nikaliacha.
Maneno kumi na manane.
Yamebaki mia mbili themanini na mawili
na ndoo imefurika, miguu imelowa.

Kisha wadhamini. Wawili, wenye mshahara,
watakaolipa kila senti nisiporudi.
Mjomba Shee wa bandarini alikisoma kipengele hicho,
akavua miwani, akaifuta kwa shuka,
akaivaa, akakisoma tena.
Chai mbele yake ikafanya utando.
"Kukuamini nakuamini," akasema.
"Ila karatasi hii hainiulizi imani. Yaniuliza bei."
Akatia sahihi polepole,
kama mtu atiaye mguu majini asijue kina.
Mdhamini wa pili sitamtaja.
Aliniambia nirudi kesho, mara nne.

Baba hakuuliza chuo gani wala nchi gani.
Aliniita uani, kanzu imekunjwa magotini,
akanipa aliyokuwa ameyapanga tangu asubuhi:

    Mwanangu, shamba mi sina, sina duka wala gari;
    nikupacho ndilo jina, lirejeshe li na kheri.

Nikamwuliza, lipi, baba, katika hayo matatu?
Akacheka hadi akakohoa kama bomba letu.
Kisha akanyamaza, akatazama ukuta,
nami nikajua cheti kile
alikwenda kukiandikisha yeye mwenyewe,
na jina la bintiye akalitamka vizuri,
na hakuwa na njia ya kusoma kilichoandikwa.

Siku ya mwisho ikaangukia Jumatano.
Kwa Yunus, duka la kompyuta, Makadara,
duara likazunguka kwenye kioo, likazunguka.
Jina kamili, tovuti ikasema.
Nikaandika. Kisanduku kikajaa:
Mwanakombo Athuman.
Ile i ya mwisho ikagoma kuingia.
Nikabonyeza tena. Ikagoma.
Basi. Sasa tuko wanne,
na huyu wa nne hata hajaapiwa.

Nikatuma.
Yunus akazima taa ya mbele, akaniambia shilingi arubaini.
Nikampa hamsini, sikungoja chenji:
ndoo zilikuwa kavu,
na usiku ule ulikuwa wa maji.