Goti Kwanza

Goti kwanza, anasema Nkwimba.
Goti ndilo linalojua njia,
mguu unafuata kama ndoo inavyofuata kamba.

Tuko wanawake saba katika darasa la Igogo.
Madawati tumeyasukumia ukutani,
ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya,
na kiroba cha pumba za mpunga kinaning'inia kwenye kenchi.

Vidole virudishe nyuma, Kwandu,
utavunja kidole gumba, kesho ubebe beseni ukichechemea.
Piga kwa nyama iliyo chini ya vidole,
ile ile inayokanyaga mwamba usiteleze.
Lenga goti lake, au chini ya kitovu.
Kichwa achana nacho, kichwa ni cha sinema.
Na urudi upesi kuliko ulivyokwenda:
mguu unaokaa ugenini hukamatwa.
Halafu kimbia. Hatukuja hapa kushinda.

Wiki mbili, mguu ukaelewa.
Nimezaliwa Mabatini, ngazi za mawe mia na kitu;
mapaja yangu yalihitimu kabla yangu.

Sauti ndiyo iliyokataa.
Mimi, ninayenadi dagaa Mwaloni
mpaka abiria wa meli ya Ukerewe wageuke,
nikiambiwa tu, sema "toka",
koo linajikunja kama turubai la jioni.
Mama alinifunza: gizani mwanamke apite kimya,
akiguswa amalize njia,
akifika nyumbani anawe.

Nkwimba hakubishana na mama.
Alisema, kiambie kiroba bei ya dagaa.
Sado elfu nane!
Haya. Kwa sauti hiyo hiyo, kifukuze.

Alhamisi, saa kumi alfajiri,
nateremka na beseni tupu kichwani,
nyuma ya mwamba kitu kikajisogeza.
Goti likapanda lenyewe.

TOKA!

Beseni likaruka, likashuka ngazi likilia,
na mbuzi wa mama Ng'washi akakata kona
na kipande cha kamba shingoni.

Sikupiga kitu.
Nilisimama kwa mguu mmoja kama kongoti wa Mwaloni,
nikaona taa ikiwaka kwa fundi Limbu,
kisha ya pili, kisha kule chini,
hata ile nyumba ya bluu
ambayo miaka yote nilidhani haina watu.

Nani huko? Kuna nini?

Ni mimi, nikasema.
Ni Kwandu.
Nikashuka kulitafuta beseni.