Nyota Ngapi

Mhariri anataka maneno mia nne kabla ya saa sita usiku,
na nyota, moja hadi tano. Nusu hapokei.
Nimekaa mgahawani, mkabala na kiwanda cha zamani
ambako bibi yangu aliunga nyuzi miaka thelathini,
na sasa ghorofa ya pili, palipokuwa na mitambo,
watu wa Łódź hulipa zloti hamsini kumtazama mtu akianguka.

Jagna Wilkosz aliingia bila viatu, akasimama.
Dakika tisa.
Nyuma yangu mzee akafungua peremende, taratibu,
ile taratibu inayopiga kelele kuliko haraka.
Kisha Jagna akaanguka. Akainuka. Akaanguka tena,
ubavu uleule, bega lilelile, katika vumbi la pamba
ambalo halijawahi kufagiliwa likaisha.
Mara kumi na moja. Nilihesabu.
Kuhesabu ni kazi ya asiyeelewa.

Nimeandika: Mwili unauhoji uzito wake.
Nimefuta. Mwili haukuhoji kitu, uliumia.
Nimeandika: Saa nzima isiyo na muziki wala huruma.
Hiyo tamu. Nimeionja mara mbili,
nikaona inavyong'aa, nikaiogopa.

Maana sentensi tamu nazijua.
Miaka kumi na minane nyuma, kijana mmoja, Gniewomir Pałka,
nilimwandika hivi: Anacheza kama mtu anayesubiri basi.
Jiji zima lilicheka. Mhariri alinipigia simu kunipongeza.
Gniewomir hakupanda jukwaani tena,
nami sikuuliza. Kalamu haina mazoea ya kugeuka nyuma.

Leo ndiye aliyenipokea koti.
Nywele zimepungua, mgongo bado umenyooka kama mshumaa.
Alinipa kibao, namba hamsini na tatu,
akasema, bila chuki, kama anayerudisha chenji:
"Ulisema kweli, bibie. Nilikuwa nasubiri basi.
Lilikuja mwishoni. Wewe ulikuwa umeshaondoka."

Nilikuwa nimeshaondoka.
Kulikuwa na tramu ya saa nne kasorobo,
miguu ilikuwa ya baridi,
na sentensi nilikuwa nayo tayari mfukoni.

Husemwa asiyejua kucheza hulaumu sakafu.
Na asiyejua kutazama je?
Huyo humlaumu mchezaji, tena kwa sarufi safi,
na hulipwa kwa kila neno.

Basi leo nilikaa. Nilikaa hata pale
watu wanne walipoinuka, viti vikilia.
Mara ya kumi na mbili Jagna aliinama, magoti yakalegea,
sote tukavuta pumzi, tukaisubiri sakafu,
na hakuanguka.
Ni hilo tu. Akatutazama
kama sisi ndio tuliokuwa tukipepesuka.
Hakuna aliyejua kama apige makofi.
Yule mzee wa peremende alipiga moja, akajuta.

Ni saa sita kasoro dakika nane.
Nina maneno thelathini na moja, mengi ni majina.
Simu inalia. "Nyota ngapi?"
Kila mtu huzaliwa na nyota yake, walituambia.
Mimi nimegawa za wenzangu miaka ishirini na sita,
mbili huku, tatu kule, na usiku nikalala vizuri.

"Nyota ngapi?"
Ng'ambo ya barabara Gniewomir anafunga komeo la kiwanda,
anavuka, anasimama kituoni.
Theluji inamwangukia mabegani. Anahamisha uzito
mguu huu, akakaa nao kidogo,
kisha ule.

Nimemwambia mhariri asubiri.