Masahihisho

Jana saa mbili usiku niliiua Nyamashunga.
Niliiua kwa sauti ninayosifiwa nayo hadi Mabatini,
sauti iliyopigwa msasa, isiyochanganya l na r.
Nikasema mapigano yamezuka, watu wanasadikiwa kufa,
idadi yao haikuweza kufahamika mara moja,
hali ni tete.
Nikageuza karatasi, nikaingia kwenye bei ya pamba.

Asubuhi nikashuka Mwaloni kununua dagaa.
Magunia yamepandana hadi karibu na kenchi,
yana alama ya rangi nyekundu, yanangoja lori la Rusumo,
na Nkwimba kakaa juu yake kama kuku anayeatamia.
"Cibalonza hajaja," akasema. "Wiki ya tatu hii.
Kanilipa nusu. Nusu nyingine iko naye huko."
Hakuuliza huko kukoje.
Aliingiza pua guniani, akanusa, akafunga kamba.

Aliyekuja ni mdogo wake Cibalonza,
begi moja, viatu vya kiume.
Nilikuwa nauliza bei ya sado alipogeuka ghafla;
sisi wa redioni hatuna sura, tunakamatwa kwa koo.
"Njo wewe," akasema. "Njo wewe ulisema Nyamashunga."
Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu:
nilidhani nimepata msikilizaji.
"Nyamashunga haiko. Iko Nyamushanga.
Ulizika kijiji yenye haiko.
Ya kwetu ukaiacha ku jua."

Sikuwa na kalamu. Mtu wa habari, sina kalamu.
Akanisimulia nimesimama, watu wa mikokoteni wakitupigia miluzi tuwapishe:
walikuwa wameshavuka daraja, wote, na watoto,
Cibalonza akakumbuka mizani.
Mfanyabiashara bila mizani ni nani?
Akarudi.
Basi. Hapo habari inaishia,
kwa sababu aliyeisimulia alikuwa upande huu wa daraja.

Nilipanda ngazi za ofisi mbili mbili.
Mhariri Rugarabamu akanisikiliza akimenya karanga.
Gari? Gari lina mafuta ya kufika Capri Point,
kuna warsha ya wadau, na posho ya kikao.
Mpakani? Mpakani tuna mashirika ya nje,
yana watu wake, yanatuletea, sisi tunatafsiri.
"Halafu, chanzo chako nani?"
Mnunuzi wa dagaa, nikasema. Mdogo wake, yaani.
Akapuliza maganda kiganjani.
"Huyo si chanzo."

Chanzo.
Kwetu Ukerewe, kabla sijajua studio ina mlango wa sponji,
chanzo kilikuwa shimo dogo chini ya jiwe.
Unachutama, unaondoa jani, unangoja tope litulie,
unakunywa kwa kiganja, magoti yamelowa.
Hakuna aliyeita chanzo ndoo ya jirani
aliyechota kwa jirani
aliyechota kwa mgeni asiyejua jina la kijito.

Na tete nayo naijua. Imejaa Igogo, ufukweni,
upepo unailaza, inainuka, inalazwa.
Haijapata kumzuia mtu asipite kwenda kutazama
nani analia ng'ambo yake.

Usiku taarifa ikaja mezani, bado ina joto la mashine.
Jina halimo, baya wala zuri.
Kuna mechi uwanja wa Kirumba, kuna waziri na utepe,
kuna sangara kupanda bei.
Nikasoma. Nina watoto wawili na kodi ya pango.
Nikafika pale ambapo jana palikuwa na vita,
mdomo ukabaki wazi, haukutoa kitu.
Fundi mitambo Mabula akanikodolea macho kiooni,
akagusa waya, akagusa mwingine.

Sekunde nne, tano.
Huko Mwaloni, juu ya magunia,
labda kuna mtu aliipiga redio kofi
akidhani betri.