Kiungo Kilichopotea

Karani wa Nachingwea anauliza tena:
kiungo kipi kimepotea?
Mume wangu ananyoosha vidole, vyote kumi,
kama mtoto anayekaguliwa kucha.
"Basi huyu mzima." Anafunika kalamu.

Funua, mwanangu. Niulize mimi, Somoe.
Andika: tangu avuke Ruvuma kurudi
sijachoma korosho uani kwangu.
Ganda likipasuka motoni, pa!
yeye yuko uvunguni, kanivuta naye,
kaniziba mdomo, ananiita Nandonde.
Nandonde hakurudi.

Andika tulichinja jogoo mwekundu,
jini halikutaja jina.
Andika nauza korosho ghafi, kwa hasara,
msimu wa sita huu.

Hakuna nafasi ya hayo?
Basi penye "kiungo" weka usingizi.
Penye "kulia au kushoto" weka kote:
yeye kulia, mimi kushoto,
wote macho.

Karani akatazama saa ukutani.
Akavuta fomu, akagonga muhuri.

Kiti kikaanguka.
Chini ya meza Koplo Mchopa
amekumbatia miguu ya karani,
anamnong'oneza, kwa upole ambao mimi sijausikia miaka:
Nandonde, usinyanyue kichwa.