Ubao Usio na Neno

Barua ya manispaa ilifika na mvua ya Juni,
wino umevuja hadi kwenye muhuri:
kila karakana ya Chiloé itundike ubao mlangoni,
ubao useme mliomo ndani ni nani, na mnafanya nini.
Siku thelathini. Zikipita, faini.

Eleuterio Mansilla akachagua kipande cha alerse,
chekundu, uzi wake umenyooka kama mistari ya daftari.
Akakipiga randa asubuhi nzima bila kusema kitu,
maranda yakamfika vifundoni.
Kisha akakiegemeza ukutani.
"Haya. Wewe uliyesoma, andika."

Niandike nini?

"Mpasuaji," alisema Domitila Huenteo,
ambaye kwa miaka arobaini amepasua vigae vya mbao
vinavyozivika nyumba zetu magamba.
"Mimi sichongi. Gogo lina mahali linapotaka kuachia,
nami nabisha hodi hapo tu."

Lautaro, mpwa wake, aliyerudi kutoka Valdivia
na miwani na penseli ya chuma,
alitaka *Msanii wa Mbao*.
Seremala, alisema, ni neno linalonuka gundi;
kwa seremala watu huomba kupunguziwa bei,
mbele ya msanii hupunguza sauti.

Eleuterio alicheka mpaka akakohoa vumbi.
"Mlango ukivimba saa nane za usiku,
mtu na mkewe wako nje wanalowa,
nani atapiga kelele, *niitieni msanii*?"

Ruperto wa majeneza hakutaka neno lolote.
Wateja wake, alisema, hawasomi.

"Na wewe?" nikamuuliza mzee.
Akautazama mkono wake wa kushoto, wenye vidole vinne,
kana kwamba jibu liliondoka na kile cha tano.
"Nyumba zote hapa zimeinama kidogo, upepo umezizoesha.
Mimi nakata kabari.
Andika hivyo: mkata kabari."
Domitila akamwambia aache kujidogosha,
mnara wa kanisa la Quetalco ni kabari?
"Ndiyo," akasema. "Kubwa."

Siku zikaenda. Ubao ukakaa mtupu,
paka akaugeuza kuwa wake.
Mimi nilikuwa na miezi minane pale.
Nilifagia. Nilinoa patasi na kidole gumba pamoja.
Usiku, peke yangu, nililijaribu neno *fundi*
kama mtu anayejaribu kofia ya mwenyeji
mwenyeji akiwa uani.
Ukiteleza herufi moja tu, linakuwa *fundo*:
jicho la tawi lililokufa zamani ndani ya mti,
gumu, linalosubiri ulimi wa randa.

Siku ya ishirini na tisa, dhoruba.
Maji yaling'oa kizingiti cha Bi Clorinda Barría,
yakaingia jikoni, yakaelea na viatu.
Ubao mkavu katika karakana nzima ulikuwa mmoja.
Eleuterio aliupima kwa shubiri.
Lautaro akashika taa,
akachora mstari kwa penseli yake ya chuma, mstari safi,
sijawahi kuona mstari safi kuliko ule.
Domitila akakata. Upana wa kidole, basi.
Ukakaa mahali pake kwa nyundo mbili,
na hakuna aliyesema chochote,
ila Clorinda, aliyeuliza kama tumekula.

Faini tulilipa. Ruperto alinung'unika
kwamba chema chajiuza, kwa nini kitundikiwe ubao;
tukamkumbusha viti vyake vitatu
vilivyokaa dirishani tangu Pasaka.

Jambo moja sikuwaambia.
Usiku wa kuamkia dhoruba, kwenye uso wa ubao
ambao sasa umelala kuelekea udongo,
niliandika neno kwa risasi nyepesi.
Nikasikia hatua za mzee ngazini.
Herufi ya mwisho sikuimaliza.

Clorinda hulikanyaga kila alfajiri
akienda kuwafungulia kuku.