Unga wa Zabibu

Jiwe liliingia karakana yangu ya Majengo
ndani ya soksi ya mtoto, limefungwa fundo.
Sechelela Chilewa, wa mashamba ya zabibu Mpunguzi,
alilifungua fundo kwa meno
akalibwaga jiwe mezani kama mtu anayelipa deni.

"Kaka yangu Lameki amechimba Winza miaka sita.
Alichorudi nacho ni kifua kibovu, na hiki.
Nitengenezee pete.
Ya kidole changu mimi."

Nikawasha kurunzi, nikabana lenzi jichoni.
Buluu.
Si buluu ya ndoo, si ya sare za shule,
wala ile wanayopaka maduka ya vocha.
Buluu ya saa kumi na mbili na nusu jioni,
upande wa mashariki, vumbi likishatua,
mchana umeondoka na usiku haujapokea zamu.

Na ndani yake, utando:
nyuzi nyembamba zimepishana, zimekingama,
kama hariri aliyoanza mtu kuisuka
akaitwa nje, asirudi.

Nikamwambia lugha ya biashara.
Lina ukungu, dada. Kuna tanuru, nina namba ya mtu.
Nyuzi hizi moto huziyeyusha,
joto ambalo hata chuma hunyong'onyea;
likitoka huko litakuwa angavu kama chupa,
na litauzika kabla halijapoa.

Nimeyachoma mengi, nikiri.
Moja lilipasuka katikati kama kiazi.
Jingine lilirudi zuri mno hata sikulijua,
kama binti wa jirani aliyetoka saluni
ukamkaribisha ukidhani mgeni.
Nililiuza siku hiyo hiyo.
Sikumbuki hata rangi yake.

Sechelela hakujibu. Aliinamia kikapu,
akatoa kishada, zabibu nyeusi za Machi,
akakiweka chini ya taa yangu.
"Unauona huu unga?"
Ulikuwepo, mwepesi, wa kijivujivu,
kama pumzi kwenye kioo.
"Si vumbi. Zabibu huutoa yenyewe.
Wachuuzi wa stendi huufuta kwa khanga
punje zing'ae, abiria wavutike.
Mnunuzi anayejua haichukui iliyong'aa.
Anajua imeshikwashikwa."
Akachuma moja, akaisugua kwa kidole gumba.
Ikang'aa.
Ikawa kama zote.

Nikazima tanuru ambalo sikuwa nimeliwasha.

Siku tisa nilikaa na jiwe lile.
Sahani ya shaba ikizunguka,
maji yakidondoka tone moja moja, maana mgao ni mgao,
nikatafuta pembe ambayo hariri ile
italala chini ya uso, isizibe mwanga, isikimbie.
Nilipoteza karibu nusu. Jiwe halikopeshi.
Mchana lilijitunza, likafifia;
usiku, chini ya balbu, likawa zito kama wino.
Lakini asubuhi, dirishani,
nyuzi zilipolinyaka jua,
buluu yote ilitandazika, laini kama mahameli,
nikakaa na kikombe cha chai hadi kikapoa.
Lililochomwa hung'aa tu, saa zote, kwa yeyote.
Hili lilikuwa na saa zake.

Alilivaa kidole cha kati,
mkono uliochanwachanwa na waya wa mizabibu.
Hakuuliza karati. Hakuomba kioo.
"Zile nyuzi bado zimo?"

"Zimo."

"Basi Lameki atalijua."

Akalipa fedha taslimu, akapunguza elfu kumi,
akaniachia kishada kuziba pengo.
Nilikiweka dirishani, pale lilipokaa jiwe.
Sikukiosha hadi jioni.